Vipande Vitatu vya Mkaa

Oresta mwanangu,

Nikusalimu kwanza kama tunavyosalimiana asubuhi, ingawa sasa ni jioni na wewe uko chumba cha pili na shangazi yako. Nawasikia mnabishana kuhusu begi. Shangazi anasema halifungi, wewe unasema litafunga likikaliwa. Sitaingia humo. Mambo ya blanketi, ya dawa, ya kutembea na nani na saa ngapi, shangazi yako atayamaliza yote kabla ugali haujaiva. Mimi nina jambo moja, na nimelibeba tangu mwezi wa tatu nikishindwa kulitoa mdomoni.

Kesho unakwenda kusoma akiolojia kwa Dokta Rehema. Ile ripoti yake kuhusu tanuru la babu yako, ile uliyoiweka kwenye bahasha pamoja na vyeti, ina kosa. Kosa si lake. Ni langu. Nisipokueleza, babu yako ataendelea kuwa mwongo kwenye karatasi, na wewe utakuwa unaisoma karatasi hiyo miaka mitatu. Nikikueleza, utaingia chuoni ukiwa na jambo zito la kumwambia mwalimu wako. Nimepima yote mawili. Kalamu ninayoandikia ni ya darasani kwangu, kwa hiyo ukiona naandika kama mtu anayejibu mtihani, nisamehe.

Wewe hukulijua ilungu lile, tanuru lenyewe. Lilivunjwa ukiwa na miaka minne, na unachokijua ni picha nyeusi ya ukurasa wa pili wa ripoti, ambayo haisemi kitu. Lilisimama mwisho wa shamba la ulezi la Tata, babu yako, pale Mwazye, refu kuliko mtu aliyembeba mwenzake mabegani, la udongo mwekundu uliookwa na moto mpaka ukawa kama jiwe. Chini lilizungukwa na matundu, kila tundu lingetosha kichwa cha mbuzi. Wafipa wa zamani waliyeyusha chuma humo. Tata alisema halikuhitaji mivukuto wala mtu wa kupuliza. Ukishaliwasha, lilivuta pumzi lenyewe.

Na hata bila moto lilikuwa likivuta. Unaujua upepo wa kwetu wa mwezi wa saba, ule unaokuja na ukungu na hauna haraka. Ukipita kwenye yale matundu, ilungu lilitoa sauti. Haikuwa mluzi. Ilikuwa sauti ya mtu aliyelala chali, anayevuta hewa, anakaa nayo, halafu anaiachia. Kati ya kuvuta na kuachia palikuwa na kimya kirefu mno. Sisi watoto tukipeleka mbuzi upande ule tulizuia pumzi zetu bila kuambiana, mpaka liachie. Mdogo wangu aliwahi kuniuliza, "Dada, na siku likisahau kuachia?" Nilimpiga kofi.

Tata hakuliogopa. Kila mwaka kabla ya mvua alipalilia kulizunguka, peke yake, bila kuongea. Alikuwa na masharti mawili kwetu. Tusipande juu yake, na kitu cha jikoni kisikaribie pale: si sufuria, si kijinga cha moto, si jivu, si mkaa. "Moto wa jiko na moto wa ilungu hawasalimiani," alisema. Nikimuuliza kwa nini, alisema aliambiwa hivyo na baba yake, na baba yake aliambiwa vilevile. Kuhusu umri wa ilungu alikuwa na neno moja ambalo hakulibadilisha kamwe. Halikujengwa na babu yake, wala na baba wa babu yake. Wote hao walilikuta. "Walilikuta limeshapoa siku nyingi," ndivyo alivyosema, na aliwataja majina, mmoja mmoja, hadi mahali ambapo majina yaliisha na ilungu likawa bado limesimama.

Dokta Rehema alikuja ukiwa na miezi minane. Wakati huo hakuwa Dokta. Alikuwa msichana mwembamba mwenye buti kubwa, aliyemwamkia Tata huku amepiga goti kwenye matope, na kwa goti lile Tata akampenda siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimeishia kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito wako, jambo ambalo tumeshaliongea mimi na wewe na sitalirudia. Nikapewa kazi ya kuwapikia yeye na wenzake wawili.

Walichimba wiki nzima. Walipima kwa kamba, wakafagia udongo kwa brashi za kupakia rangi, na mwisho wakafika chini kabisa ya ilungu, kwenye shimo lililokuwepo kabla ya ukuta kujengwa. Humo wakapata chenga za mkaa. Zilikuwa chache, nyeusi, laini, kama chenga zinazobaki chini ya gunia. Rehema alizishika kwa kibano mfano wa mtu anayeokota mayai ya ndege.

"Mzee," akamwambia Tata, "hizi chenga kwangu zinazidi chuma chote kilichowahi kutoka humu."

Tata akacheka. "Mkaa? Binti yangu, mkaa tunao gunia zima nyuma ya nyumba."

"Wa gunia haunisaidii, mzee. Huu unajua siku mti wake ulipokufa."

"Unajua?"

"Unajua. Tukiupeleka maabara, utasema."

Tata aliacha kucheka. Alinitazama mimi, akautazama ule mkaa, akanitazama tena. "Basi uulizwe," akasema. "Utasema ninayosema mimi."

Jioni ile mvua ilitishia, na chenga zilikuwa na unyevu. Rehema akazitandaza juu ya karatasi ya foili, akaniletea kibarazani. "Mama Oresta, nisaidie, ziweke kivulini zikauke. Nitazifunga kesho asubuhi." Akaenda kuoga.

Nilikaa nazo. Wewe ulikuwa mgongoni. Nilizitazama zile chenga, nikaona aibu. Wageni wametoka mbali vile, wamechimba siku saba, Tata amewaahidi, halafu waondoke na kitu kisichojaza hata kijiko? Unamkumbuka bibi yako sokoni. Kwake kipimo bila nyongeza kilikuwa tusi. Ukinunua kisado cha maharage alikijaza mpaka juu, akatia na konzi moja zaidi, na konzi hiyo ndiyo aliyoitoa akikutazama usoni. Ndivyo nilivyolelewa. Lakini sitakudanganya kwamba ilikuwa ukarimu mtupu. Yule msichana mwenye buti alikuwa amenizidi miaka michache tu. Nilitaka na mimi niwe nimeongeza kitu kwenye kazi yake.

Nikaenda jikoni nikachagua vipande vitatu vya mkaa wa mti mgumu, mti ambao mjomba wako alikuwa ameukata mwaka ule ule. Vilikuwa vizuri, vinalia kama chuma ukivigonganisha. Nikavipangusa kwa kanga. Lile sharti la Tata nililikumbuka, nikajiambia sharti ni la kule shambani, na hapa ni barazani. Nikaviweka katikati ya zile chenga.

Siku za upepo sauti ya ilungu ilifika hadi nyumbani. Nilipoweka kipande cha tatu nililisikia likivuta. Nikasubiri liachie, nikiwa nimeinama, mkono juu ya foili. Halikuachia. Wewe ukaamka, ukanishika sikio ukalivuta kwa nguvu, ukaanza kulia. Nikakushusha nikakunyonyesha. Ulipotulia upepo ulikuwa umekwisha kabisa na majani ya mgomba yamesimama wima, na mimi nikasahau kwamba nilikuwa nasubiri kitu.

Asubuhi Rehema alifunga foili bila kuhesabu. Nadhani alikuwa na haraka ya gari. Alinikumbatia.

Majibu yalikuja mwaka uliofuata, na aliyaleta mwenyewe. Hilo ukumbuke siku zote kuhusu mwalimu wako mpya: angeweza kutuma barua, lakini alikuja. Alikaa kwenye kigoda, akakataa chai, nikajua hapo hapo kuwa kuna msiba.

"Mzee, mkaa umesema ni wa juzi."

"Juzi ya nani?" Tata akauliza.

"Mti wake ulikuwa hai miaka hii hii, mzee. Una alama ambayo miti ya zamani haina. Hakuna namna ya kuibishia." Akamtazama usoni. "Labda kuna mtu aliwasha moto mle ndani siku za karibuni?"

Tata alisimama, akachukua jembe, akaenda shambani. Rehema alilia mbele yangu, Oresta, na mimi nilimpa maji nikamwambia asijali, wazee husahau. Mimi, niliyekuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenye jiko lenye ule ule mkaa! Na sikujua. Naapa sikujua. Kwangu mkaa ulikuwa mkaa.

Unajua watu wa kwetu wakipata neno. Mzee Filbert, jirani ambaye mpaka wa shamba lake uligusana na letu, alilitembeza kila palipokuwa na pombe ya kimpumu. "Deo! Ulikuwa unachoma mahindi humo ndani, au ulikuwa unawapikia wageni historia?" Watu wakacheka mpaka vibuyu vikamwagika. Tata naye alicheka, mara ya kwanza. Mara ya pili hakwenda tena kunywa. Ilungu likaonekana halina thamani, la juzi tu, na ilipotengenezwa njia ya kupitisha mkokoteni kwenda mashamba ya chini, vijana walikuja na sururu wakaomba udongo wake wa kujazia mashimo. Tata aliwaambia, "Chukueni." Lilichukua siku mbili kuanguka. Hakwenda kuangalia. Alikaa nyuma ya nyumba na mgongo wake ukiwa umeelekea kule, na kila sururu ilipogonga, alitaja jina moja la wale waliolikuta.

Alikufa ukiwa na miaka sita. Baada ya matanga uliniuliza, umevaa ile sweta ya kijani, "Mama, kwani babu alidanganya watu?" Nilikujibu, "Labda alisahau." Hilo lilikuwa kosa langu la pili, na hilo nililifanya nikiwa na akili zangu zote, kwa sababu lilikuwa jibu fupi na nilikuwa nimechoka.

Sasa nikupeleke darasani kwangu pale Majengo, kwenye sekondari ya watu wazima, mwezi wa tatu mwaka huu. Ulikuwa hujarudi bado kutoka kwa shangazi. Nilifunga cherehani saa tisa nikaenda kwenye kipindi cha kemia. Unawajua wenzangu: akina mama wawili wa sokoni, na Aloyce wa bodaboda ambaye huniita Bibi Wanafunzi. Mwalimu Baraka alichora duara ubaoni akasema leo tunasoma atomu za ndugu, zenye jina moja na uzito tofauti. Akafika kwenye kaboni. Akasema kaboni nyingi ni tulivu, lakini iko moja, kaboni kumi na nne, inayozaliwa juu sana angani na ambayo haiwezi kutulia. Miti inaivuta pamoja na hewa. Sisi tunaila kwenye ugali. Maadamu kitu ki hai, kinajazwa tena na tena. Kikifa, hakuna wa kujaza, na kaboni ile huanza kupungua polepole, kwa mwendo usiobadilika, hata ukizika, hata ukifunika, hata ukisahau. Baada ya miaka elfu tano na mia saba hivi hubaki nusu.

"Kwa hiyo na mimi nina saa humu ndani, mwalimu?" Aloyce akauliza, akijipapasa kifua.

"Unayo. Kwa sasa unaijaza kila unapokula."

"Na nikiacha kula?"

"Hutakuwepo kuiangalia."

"Basi poa, isianze kabla ya mtihani."

Tulicheka wote. Mwalimu akaendelea, na mimi nikaandika kila neno, unanijua. Akasema kabla ya kugundulika kwa kaboni hii, mtaalamu aliyechimba chungu au mfupa alibaki kukisia: kimo cha udongo, umbo la chungu, orodha za wafalme wa nchi zilizokuwa na maandishi. Nchi zisizoandika ziliambiwa tu kwamba ni za zamani, au kwamba hazina zamani. Halafu ghafla kipande cha mkaa, punje ya mtama, uzi wa sanda, vyote vikaweza kutoa ushahidi. Akasema wataalamu wengine waliulisha mmea hewa yenye kaboni ile, kisha wakafuata nyayo zake ndani ya jani, hatua kwa hatua, mpaka wakajua jinsi jua linavyogeuka kuwa chakula. Na madaktari wakafuata dawa mwilini kwa njia hiyo hiyo. Nilipenda sana hapo. Nilifikiri, kumbe iko kaboni moja isiyotulia, na ndiyo iliyowapa watu macho.

Kisha akasema kuhusu mabomu. Kwamba mataifa makubwa yalipojaribu mabomu yao angani, kabla mimi sijazaliwa, kaboni hii iliongezeka hewani dunia nzima, na kila mti na kila mtu aliyeishi baada ya hapo ana alama yake. "Wewe, na wewe, na Mama Oresta," akasema akitunyooshea chaki. "Mabomu hamkuyasikia, lakini mnayo."

Alama ambayo miti ya zamani haina.

Kalamu ilisimama. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, na mkaa wa zamani ukichanganyika na wa jikoni?"

"Hapo umeharibu kazi yote. Maabara hawachomi mkaa wote, wanachagua kipande. Na watachagua kipi? Kikubwa, kigumu, kisafi." Akacheka. "Lakini Mama Oresta, nani atakwenda kuweka mkaa wa jikoni kwenye kazi ya watu?"

Darasa zima likacheka. Aloyce akageuka. "Bibi Wanafunzi, vipi? Umeona mzuka?"

Nilimwambia ni kichwa. Lakini Oresta, niliona mikono yangu juu ya daftari na sikuitambua. Niliona kanga niliyovipangusia. Vilikuwa vizuri vile vipande. Nilikuwa nimevichagua kwa uzuri wake, na maabara nao, kule mbali, mtu ambaye hanijui aliinama juu ya foili ile ile akavichagua kwa uzuri huo huo.

Jumamosi iliyofuata, ukiwa umesharudi, nilikwambia nakwenda Mwazye kwenye mahari ya binti wa shangazi yangu. Hapakuwa na mahari. Nilikwenda shambani. Ilikuwa saa nne asubuhi na ukungu ulikuwa haujainuka, ule mzito unaofanya uione mikono yako kwanza, kisha dunia. Shamba sasa ni la mahindi, limeuzwa mara mbili. Niliogopa nisipapate mahali penyewe, lakini mahindi yalinionyesha. Kila mahali yalikuwa yamefika begani. Mahali pale palikuwa na duara, sawasawa kama limechorwa kwa kamba, ambamo mahindi yalifika magotini na yalikuwa ya manjano. Nilipoingia ndani ya duara, viatu vyangu vikakwaruza. Mavi ya chuma, yale mabonge meusi mepesi yanayobaki chuma kikishatoka. Yalikuwa kila mahali chini, kama vile yalipanda yenyewe.

Nilipiga goti. Nilikusudia kusali, lakini sala hazikuja, kwa hiyo nilimweleza Tata kama unavyomweleza mtu aliyekaa mbele yako. Nilisema, "Tata, ni mimi. Ni mkaa wa jikoni." Hapakuwa na upepo, majani hayakutikisika. Na bado chini yangu, kwenye udongo, nilisikia pumzi ikiachiwa. Ndefu sana. Ilitoka kama ya mtu aliyekuwa ameizuia miaka yote hiyo kwa adabu. Ukungu ulio karibu na ardhi ulisogea kidogo, mbali na magoti yangu, halafu ukarudi.

Huenda ni panya-buku alikuwa na shimo lake mle. Mwalimu Baraka angesema udongo ukipata joto la asubuhi hewa hupanuka. Nimeliandika jibu hilo kwenye daftari na ninaliheshimu. Lakini nilikimbia, Oresta. Nikiwa mtu mzima, mwenye mtoto anayekwenda chuo kikuu, nilikimbia katikati ya mahindi ya watu mpaka nikapoteza kiatu, na sikurudi kukichukua.

Nilimuuliza mwenye shamba nilipomkuta barabarani, kijana Msukuma mpole mwenye ng'ombe, jembe lake linazama kiasi gani. Akanionyesha kwa kiganja. "Hapo kwenye duara silimi kabisa, mama, napachika mbegu tu kwa mkono. Ng'ombe hawaingii. Wanasimama." Kwa hiyo shimo la chini, lile lililokuwepo kabla ya ukuta, bado halijaguswa. Zile chenga zilizobaki bado zipo humo, zinahesabu.

Sasa nifike kwenye kinachonitisha zaidi ya pumzi ya ardhini. Ile barua yako ya kuomba nafasi kwa Dokta Rehema, uliyonipa nikague tahajia. Uliandika: "Babu yangu alisema jambo moja, na mkaa ukasema jingine. Nilipokuwa mdogo niliamua kuuamini mkaa." Dokta alikujibu kwamba sentensi hiyo ndiyo iliyomfanya asome barua hadi mwisho. Nilijivunia ile sentensi. Niliisoma kwa shangazi yako, nikaisoma hata kwa mteja aliyekuja kupunguza sketi. Unaona basi? Nikisema ukweli, naweka kisu kwenye sentensi iliyokufungulia mlango. Na ripoti ile ndiyo kazi iliyomtambulisha Dokta mwenyewe. Utakuwa msichana mgeni, wiki ya kwanza, unayemwambia mwalimu kwamba msingi wake una mkaa wa mama yako.

Kwa sababu hiyo nilinyamaza miezi mitano. Mara mbili nilianza kukwambia tukiwa tunafanya hesabu hapa mezani, na mara mbili ulinikatiza, "Mama, acha kukwepa, namba ya saba umekosea." Ulikuwa na haki. Nilikuwa nimekosea.

Nisingependa utoke hapa ukiichukia sayansi kwa ajili ya babu, wala ukiudharau mkaa. Mkaa haukudanganya. Uliulizwa habari za ilungu, ukajibu habari za jiko langu, na ulijibu kweli tupu. Mimi ndiye niliyempeleka shahidi asiyehusika. Nimejifunza kwamba naweza kuharibu jambo kubwa kwa mkono uliojaa wema, bila kelele, na maisha yakaendelea: nikashona, nikakulea, nikaenda jumuiya kila wiki. Hakuna kilichoniuma. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba hakikuuma. Kuna vingine vingapi nimeongeza mahali, navyo viko huko vinajibu kwa jina langu? Nikikuona unaogopa kuuliza swali darasani, nitaumia kuliko ukifeli. Kama ningemuuliza Rehema jioni ile, "Dada, ukiongezewa kidogo ni vibaya?" angeruka kama aliyeungua, tungecheka, na Tata angekufa na jina lake.

Tena nikuambie na hili, kwa kuwa nimefundishwa kuandika pande zote za jambo. Inawezekana Dokta akaja, akachimba, akapeleka chenga nyingine, na zikasema pia ni za juzi. Inawezekana Tata alikosea kweli, na wale wote waliomtangulia. Nimeliwaza hilo mpaka limeacha kunitisha. Akikosea kwa mkaa wake mwenyewe nitalipokea, na nitakwenda kaburini nimwambie hivyo hivyo. Kinachonizuia kupumua ni kwamba alihukumiwa kwa wangu.

Shangazi yako ananiita, ugali umeiva, na begi nadhani limefunga kwa sababu kumekuwa kimya. Nitaikunja barua hii niitie ndani ya ile bahasha ya vyeti, juu ya ripoti, ili usiweze kuifikia moja bila kuigusa nyingine. Utaisoma ukiwa njiani, na mimi nitakuwa darasani, na hutaweza kunibishia.

Mwambie. Usisubiri mkazoeana, utapata sababu nzuri za kunyamaza, mimi nilizipata miezi mitano mfululizo. Mwambie wiki ya kwanza. Akikuuliza ni nani aliyefanya, usiseme mpishi, usiseme mtu fulani wa kijijini, usiseme ni zamani. Sema ni Skolastika binti Deogratias wa Mwazye, aliyemwekea foili kivulini. Sema yuko hai, yuko kidato cha tatu, na akitaka kumuuliza lolote, atajibu.

Mama yako